Pengo la Serikali

Uvumi ulianzia kwa wapaa samaki wa Igogo, na Odeta akashindwa kuutoa kichwani: eti serikali ina pengo, na inatafuta meno ya kuliziba.

Aliusikia akiwa amechutama mbele ya karai, akikaanga mapanki, yaani vichwa na mifupa ya sangara inayobaki kiwandani minofu ikishasafirishwa kwenda Ulaya. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, kila kitu kinauzwa, na mwenye meno aliweza kushiba mfupa. Jioni redio ya jirani yake Mwanvua ikathibitisha. Waziri alisema serikali imetumia kuliko ilivyokusanya, kwa hiyo bajeti ina pengo, ila wananchi wasihofu, litazibwa.

"Litazibwa na nini?" aliuliza Odeta.

"Watajua wenyewe, Mama Paska. Sisi tuwahi mafuta kabla hayajapanda."

Kesho yake Mwanvua aliamka hana jino la mbele, lile lililomeguka pembeni kwa kufungulia soda. Hapakuwa na damu wala maumivu. Redio ikatangaza kwamba sehemu ya pengo imezibwa, na kufika mchana mafuta ya kukaangia yalikuwa yamepanda.

Ikawa ndiyo kawaida. Noti mpya zilikuja zinanuka wino, na kadiri zilivyokuja nyingi ndivyo zilivyonunua kidogo, na ndivyo meno yalivyotoweka. Wauza mitumba walinadi kwa ufizi. Katekista alichagua masomo yasiyo na s nyingi. Hakuna aliyeshangaa. Watu walipokutana njiani waliangaliana midomo, wakaulizana, "Na wewe umeshachangia?"

Wateja wa mapanki wakapungua, maana mfupa hautafunwi kwa ufizi. Odeta mwenyewe alichangia magego mawili, hakulalamika. Kilichomnyima usingizi ni Paskazia, binti yake wa darasa la pili. Meno yake ya utoto yaling'oka kama ya watoto wote, akayarusha juu ya bati na kuomba mapya, kama alivyofundishwa. Mapya hayakuja. Mvua zikaja zikaisha, ufizi ukabaki laini kama kipande cha sabuni. Mtoto alilamba mapanki, akayarudisha sahanini, na mikono yake ikazidi kuwa myembamba.

Odeta akavaa kitenge cha kanisani, akaenda ofisi ya serikali, Nyamagana. Uani palikuwa pamejaa magari mapya, kwa sababu kulikuwa na semina ya kubana matumizi. Bwana Maige, ofisa wa mipango, alimpokea huku anaguguna mfupa wa mbuzi. Alikuwa na safu mbili za meno juu na mbili chini, ya ukubwa tofauti. La mbele lilikuwa la Mwanvua.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Shida?"

"Mwanangu meno hayamwoti."

"Ana umri gani?"

"Miaka minane."

"Basi hayo yalishakopwa," alisema Maige. "Ya watu wazima hayakutosha. Pengo kubwa, mama, usilichezee."

"Mbona hamkutuuliza?"

"Tumuulize nani? Jino halijaota. Kitu kisichoota hakina mwenyewe."

"Na mtarudisha lini?"

"Sisi? Atalipa yeye mwenyewe, akikua."

"Kwa meno yapi, baba?"

Maige akacheka kwa safu zote nne. Akaagiza soda, akaifungua kwa jino la Mwanvua, akanywa nusu. Ukumbini walikuwa wanamwita. Nyama ilikuwa imebaki nyingi na posho ya siku ilikuwa haijasainiwa.

"Mpe uji," alisema akiinuka. "Wafadhili wanausifu sana."

Odeta alirudi Igogo, akayaanika mapanki, akayatwanga kinuni mpaka yakawa unga, akakorogea uji. Paskazia akanywa. Wiki hiyo akina mama wengine walileta vinu vyao, na mtaa mzima ukawa unatwanga mifupa kama watu wanavyotwanga kisamvu. Shuleni mwalimu aliacha kusahihisha matamshi, kwa kuwa na yeye alikuwa hana meno ya mbele.

Mwezi wa sita waziri alisoma bajeti mpya. Pengo lilikuwa limekua. Wabunge walipiga meza, na redioni ilisikika wazi kwamba walikuwa wanatafuna kitu.

"Wamesemaje, mama?" aliuliza Paskazia.

"Kunywa uji, mwanangu."

Tangu hapo, kila mzazi anayekuja kutwanga kwake, Odeta humwambia ya kuepuka:

Usilaze noti mpya ndani. Nunua chumvi siku hiyohiyo.

Usimpeleke mtoto kupungia magari ya wageni rasmi.

Usipige makofi ukiambiwa pengo limezibwa.

Usicheke ofisini, hata ukichekewa.

Usikubali kuchangia kitu ambacho hujaambiwa kinaliwa na nani.

Na kama una mimba, usiitaje mbele ya ofisa.