Mwenye Ufunguo

Fundi alikuwa akipindia ukosi wa shati la mteja, mguu ukikanyaga cherehani, aliposikia mumewe akipiga hodi. Alimjua kwa kikohozi chake. Mtu hapigi hodi kwake, kwa hiyo akadhani ni utani wa msafiri.

"Ingia, mlango umerudishwa tu!"

Hodi ikarudiwa. Fundi akainuka, akafungua. Koplo alikuwa amesimama na begi la jeshi, kofia ya buluu ya walinda amani imebanwa begani, mkono wa kulia umening'inia karibu na kitasa kama uliosahau ulichofuata.

"Haufungui," alisema, akiutazama mkono. "Tangu kule."

"Pole. Ingia uoge."

Tangu siku hiyo Fundi akawa anamfungulia kila mlango: wa chumba, wa choo, wa kabati. Mkono ulikula, ulisalimia watu, ulimpapasa mke mgongo. Ila ukigusa kitasa, unalegea. Mke aliyerudishiwa mume mzima hagombani na kitasa.

Kisha wageni wakaanza kufika jua likizama. Walisimama uani, wake kwa waume, mmoja na godoro kichwani, mama mmoja na mtoto mgongoni. Walikuwa wafu. Nguo zao zilionyesha walivyokufa, na hakuna jirani aliyeuliza zaidi. Walipiga hodi kwa adabu.

"Karibuni," alisema Fundi, akaufungua mlango wazi kabisa.

"Ahsante, dada. Tunamngoja mwenye ufunguo."

Koplo, aliyekuwa akinywa chai, aliweka kikombe chini. Ndipo akamweleza mkewe. Kule kambini yeye ndiye aliyeshika ufunguo wa geti. Watu hawa walikuja wakikimbia, na wenye silaha nyuma yao. Jenerali wa kigeni aliyewaongoza walinda amani alikuwa mji mwingine. Akasema redioni wasifungue mpaka athibitishe. Ofisa wa kikosi chao akapiga simu makao makuu nyumbani. Nyumbani wakajibu: huko mko chini yake, mtiini.

"Ukangoja?"

"Nikangoja. Ufunguo mfukoni. Walikuwa wakiniita kaka."

"Na huyo jenerali?"

"Hakuthibitisha. Asubuhi kulikuwa kimya. Tukafungua ili gari la maji lipite."

Fundi aliwapelekea wageni maji. Hawakunywa, ila walishukuru.

Kesho yake mume na mke walikwenda kwa Meja wa kikosi. Wageni wakawafuata, wakasimama kwenye korido wakiwapisha makarani. Meja aliwaitikia salamu wote.

"Ile amri ifutwe," alisema Fundi. "Mume wangu hawezi kufungua hata kabati."

"Shemeji, ile si amri yetu. Sisi tulimwazima jenerali askari, kama mtu anavyomwazima jirani jembe. Jembe likikata mzizi wa watu, utamshtaki mwenye jembe?"

"Basi mpigie aliyelima."

Meja akapiga. Jenerali, ambaye sasa alikuwa amestaafu, alipokea kwa upole. Alisema askari ni wa nchi yao, na amri zake zote aliziacha kwenye misheni, na misheni imeshafungwa. Akasema anawasalimu sana watoto.

Walipoaga, Meja hakuinuka. Alibonyeza kengele, karani akaja kuwafungulia mlango. Fundi aliutazama mkono wa Meja, uliolala mezani kando ya kengele.

Fundi si mtu wa kuliacha jambo lilale. Alimwita seremala, mlango wa mbele ukang'olewa pamoja na bawaba zake. Jioni ile Koplo na wageni wakatazamana bila kizuizi chochote. Alifungua kinywa aseme karibu; kikatoka kikohozi tu. Mwenye godoro alilihamishia begani. Wakaendelea kungoja.

"Nimejaribu, mke wangu."

"Nimeona."

Koplo akakaa kizingitini, akalia. Wageni wakatazama pembeni, kama watu waliolelewa vizuri.

Wezi hawakuwahi kuingia, ingawa nyumba haikuwa na mlango. Fundi aliona kitambaa cha yule mtoto kimeungua upande mmoja, akampima, akamshonea gauni. Mvua za mwaka uliofuata akampima tena, maana watoto hukua. Hakuwa ameongezeka hata upana wa kidole. Fundi akakunja utepe wake, akamwambia mama mtu kwamba gauni bado linatosha.

Mwaka huohuo mdogo wake Koplo, naye askari, aliyekaa chumba cha nyuma, alichaguliwa kwenye kikosi kipya. Nchi nyingine, jenerali mwingine wa kigeni. Siku ya kuondoka alipita katikati ya wageni na begi lake, "samahani, samahani," nao wakampisha.

"Wakikupa ufunguo wa geti," Koplo alimwambia, "usiupokee."

"Kaka, amri ni amri."

Akacheka, akamkumbatia kaka yake, akamwachia shemeji salamu za kumpelekea mchumba wake. Gari la jeshi likakata kona.

Fundi alisimama akiuangalia ua ulivyojaa. Kisha akavuka barabara kumwita mwashi.

"Nataka uusogeze uzio."

"Unaongeza chumba?"

"Tutapata wageni wengine."

"Wengi?"

"Sijui," alisema Fundi. "Usogeze mpaka mtaroni."