Wakili wa Mnadani

Binti huyu alianza kuitwa Wakili akiwa bado shule ya msingi. Alirudi nyumbani siku moja jirani akimfuata nyuma kwa hasira, analalamika kwamba mtoto amemwaibisha mbele ya wateja kwa kusema maziwa anayouza yana maji. Mama akamuuliza mwanawe kama kweli amesema. Mtoto akajibu kwamba amesema, tena bomba alilotumia jirani analijua, na akataka kwenda kulionyesha. Mtaa mzima ulicheka. Tangu hapo yeye akawa Wakili, na mama yake, ambaye mpaka wakati huo alikuwa mama wa watu tu, akawa Mama Wakili. Jina lile lilimkaa vizuri. Alipopita sokoni alitembea kama mtu mwenye kesi anayojua atashinda.

Kwa hiyo binti alipoingia chuo kusomea sheria, hakuna aliyeshangaa. Darasani alikuwa moto. Mwaka wa mwisho, kampuni kubwa za mawakili zilipokuja chuoni kutafuta vijana wa kuajiri, wenzake walimwambia yeye ajinunulie tu viatu vya ofisini.

Kilichomwangusha ni usaili. Kampuni ya kwanza ilimuuliza udhaifu wake ni upi. Wenzake wote walikuwa wamekariri jibu: unasema una bidii mpaka inapitiliza, wanatabasamu, mnaendelea. Wakili alifikiri kidogo, akaanza kujibu. Alisema akiwa na njaa huwa mkali. Alisema hana subira na watu wazito wa kuelewa. Alisema akiona kosa hawezi kulinyamazia, na kwa mfano akaonyesha bango lililokuwa ukutani nyuma yao, ambalo neno "uadilifu" lilikuwa limeandikwa vibaya. Bado alikuwa na mengine ya kueleza, lakini mwanamke mmoja wa jopo alikuwa ameshafunika kalamu yake.

Kampuni ya pili iliuliza kwa nini ameichagua. Akasema ni kwa sababu ile ya kwanza imemkataa. Kampuni ya tatu ilimleta mzee mpole aliyetaka kujua kama yuko tayari kumtetea mteja ambaye anajua anadanganya.

"Niko tayari," alisema, "ila hakimu asiniangalie usoni."

Msimu ulipokwisha, wenzake karibu wote walikuwa wamepata mahali pa kuanzia. Hata yule aliyezoea kunakili kazi zake alipata, tena kwenye kampuni ile ya bango.

Wakili hakujua kuficha jambo, basi alikwenda moja kwa moja jikoni, alikomkuta mama yake anachambua mchele, akamweleza kwamba kampuni zote zimemkataa. Mama hakuinua kichwa. Aliuliza kama ni zote kabisa au zile za maana tu. Aliposikia ni zote, akaweka ungo chini.

"Sasa mimi," akasema, "nitaitwa nani?"

Alimwomba binti yake jambo moja tu: asiwaambie majirani kwa sasa. Binti akasema hatawaambia, ila wakimuuliza atajibu. Kwa muda fulani, basi, Mama Wakili alihakikisha mwanawe anatokea mlango wa uani.

Mipango ya akiba ikaanza kumiminika. Kaka yake alimtafutia kazi katika kampuni ya simu, kuongea na wateja wenye malalamiko. Hakuimaliza wiki. Mteja mmoja alipiga akifoka kwamba amechoka, anahamia kampuni nyingine. Wakili alimsikiliza kwa makini, akamwambia kwamba kwa maelezo yake hata yeye angehama. Shangazi yake, aliyekuwa na shule ya chekechea, akamchukua akiamini watoto wadogo hawana usaili. Watoto walimpenda. Wazazi ndio waliomshinda. Mama mmoja alikuja jioni kumchukua mwanawe, akauliza kwa kujidai kijana ameshindaje. Wakili akasema ameshinda vizuri, amewauma wenzake, na si kwa bahati mbaya, maana alikuwa anachagua. Shangazi alimrudisha nyumbani mwenyewe, kwa mkono, kama kitu alichoazima.

Akabaki mjomba. Mjomba wake alikuwa dalali. Alikuwa na ghala kubwa la bati ambamo kila Jumamosi alipiga mnada wa vyombo vya watu: makabati, majiko, vitanda, mafriji yaliyochoka. Koo lilikuwa limeanza kumsumbua na alihitaji mtu wa kusimama jukwaani badala yake. Sauti ya mpwa wake ilikuwa ya kutosha maghala mawili. Kabla hajamkabidhi nyundo, alimketisha juu ya kochi la mteja akampa somo.

"Hapa hatusemi uongo, mpwa wangu," alimwambia. "Tunanyamaza tu."

Wakili alikubali kwamba hilo ni jambo zuri. Jumamosi akapanda jukwaani, akaweka mkono juu ya friji ya kwanza, akawatangazia watu kwamba friji hii inagandisha vizuri sana, isipokuwa siku za joto. Watu wakacheka wakidhani ni mzaha. Akaendelea na kochi, akasema ni imara, ila lina springi moja inayotafuta njia ya kutoka, na mgeni msiyempenda mnaweza kumkalisha pale. Kuhusu pasi alisema hana la kusema, kwa sababu ameogopa kuichomeka. Mjomba alikuwa amesimama nyuma ya makabati, kofia yake ameishusha mpaka puani.

Bei zilishuka siku ile, na mjomba alikusudia kumfukuza Jumatatu. Lakini Jumatatu ilipofika hakutokea mtu. Kwa kawaida siku hiyo mlango wa ghala ulijaa watu waliorudisha vitu, wengine wamekuja na mashahidi, na mjomba alikuwa akijificha chooni mpaka wapungue. Safari hii alikunywa chai yake ikiwa bado ya moto. Akaamua kumwacha binti kidogo aone. Wiki zilizofuata watu wakaongezeka, wengine hawana hata haja ya kununua, wamekuja kusikia kabati litasemwa nini. Na kati ya waliokuja kucheka, ni wachache walioondoka mikono mitupu.

Ndipo zikaletwa mali za mwalimu mkuu mmoja mstaafu.

Mzee huyo alikuwa amefariki, ameacha wana wawili ambao hawakuwa wakisemeshana. Kwa kuwa hawakuweza kukaa chumba kimoja wakagawana, walikubaliana kupitia watu wengine kwamba kila kitu kipigwe mnada, na pesa zigawanywe katikati. Siku ya mnada walifika wote wawili. Mkubwa alikaa kushoto kabisa, mdogo kulia kabisa. Vitabu vikauzwa, meza ikauzwa, saa ya ukutani ikauzwa, wala hakuna kati yao aliyetikisika. Kisha Wakili akafunua kitambaa kwenye kitu cha mwisho, tundu la ndege, na humo mlikuwa na kasuku wa kijivu aliyenyonyoka shingoni.

Kasuku akautazama umati. "Kaa chini, wewe," akasema, kwa sauti ya mzee aliyefundisha maisha yake yote. Mtu mmoja aliyekuwa amesimama karibu na mlango alikaa.

Wakili alieleza kasoro zake: ni mzee, ananyonyoka, anakemea watu. Akauliza nani anaanza. Mkubwa akanyoosha mkono. Mdogo akanyoosha wa kwake. Wengine walijaribu kidogo wakaachia, na dau likabaki kwa ndugu wawili, likienda kushoto na kurudi kulia. Lilipita bei ya friji. Lilipita bei ya kochi na kitanda pamoja. Lilipoanza kusogelea bei ya pikipiki, mjomba, ambaye fungu lake lilikua kwa kila mkono ulionyooshwa, alitoka nyuma ya makabati uso unang'aa, akasahau hata koo lake.

Wakili akaiweka nyundo chini.

"Kuna kasoro moja sijaisema," aliwaambia. "Pesa za kasuku huyu mtagawana nyinyi wenyewe, nusu kwa nusu. Mnapandishiana bei ya kitu ambacho tayari ni chenu. Mwenye uhakika wa kufaidika ni mjomba wangu peke yake."

Ghala lilivuma kwa kicheko. Mjomba alianza kukohoa, safari hii kikweli. Lakini wale ndugu hawakucheka, na Wakili akashuka jukwaani akamwendea mkubwa, akamuuliza kwa upole anamtakia nini ndege huyu. Mtu mzima yule aliitazama sakafu. Alisema kwamba asubuhi kasuku hukohoa, na kikohozi ni cha baba yake hasa.

Upande wa kulia mdogo wake akasema, bila kuulizwa, "Mimi huniambia nimechelewa tena."

Mkubwa akageuza kichwa akamtazama ndugu yake. "Ulikuwa unachelewa kweli," akasema.

Wakili aliwachukua wote wawili mpaka chumba cha nyuma, akaweka tundu mezani katikati yao, na mjomba akatumwa chai. Walitoka birika likiwa tupu. Walikuwa wamekubaliana kasuku akae kwa mdogo, kwa sababu mkubwa ana paka, na mkubwa awe anakuja kila wiki kumsikiliza. Mjomba alimwambia mpwa wake kwamba amemnyang'anya tonge mdomoni, na kwa siku mbili alimsalimia kwa kichwa tu.

Siku ya tatu ndugu wale walirudi pamoja. Walibakiwa na nyumba ya baba yao, nayo hawakuwa wakiafikiana, na walitaka yule binti akae nao tena kwenye kile chumba. Wangelipia chumba na muda. Wakili akawaeleza waziwazi kwamba bado hajahitimu, mitihani ya mwisho hajaifanya. Wakasema ndiyo maana wanamtaka. Baada yao wakaja dada wawili waliogombea duka, kisha mume na mke walioachana wakashindwa kuachana na jokofu. Mjomba alisalimia tena kwa mdomo. Akapaka rangi chumba cha nyuma, akanunua birika kubwa zaidi.

Binti alifanya mitihani yake akafaulu vizuri. Kampuni moja ilimwita akaanze kazi. Alikwenda kuwasikiliza, akawashukuru, akasema anaona raha alipo. Alirudi akijishangaa, kwa sababu njia nzima alikuwa akisubiri ajutie, na hakujutia.

Mama yake ndiye aliyechelewa kuridhika. Aliona haya mwanawe kuuza vitanda vilivyolaliwa. Lakini habari zilimfikia sokoni, na Jumamosi moja alivaa gauni lake la manjano, akaenda ghalani bila kuaga, akakaa mstari wa mbele. Aliona watu wanavyomsikiliza mwanawe. Aliona wanaume wazima wanavyotii kidole chake. Akashindwa kujizuia, akamgeukia mwanamke wa nyuma yake, akanyoosha mkono juu kumwonyesha kwamba yule pale ni wa kwake.

"Gauni la manjano," ikasema sauti ya jukwaani. "Mara ya kwanza, mara ya pili." Nyundo ikagonga.

Kilikuwa kiti cha kinyozi, cha ngozi nyekundu, chenye kuzunguka. Mama alijaribu kujieleza. Binti akamsikiliza kwa heshima zote, akamjibu kwamba mkono ulikuwa juu na watu wote wameuona. Walikibeba nyumbani wakishirikiana, wakipumzika kila kona.

Sasa kipo barazani. Jioni, kazi zikiisha, Mama Wakili hukaa hapo, miguu juu ya chuma cha kukanyagia, na majirani wakipita hujizungusha taratibu kuwafuata, mpaka wapotee kwenye kona.