Chumba Kilichoshuka Ngazi

Kila asubuhi binti wa fundi viatu alikaa kwenye benchi chini ya ngazi za chuo, akaegemeza magongo yake ukutani, akafungua kitabu. Mipira ya magongo hayo baba yake aliikata kutoka tairi kuukuu, kwa hiyo hayakutoa sauti sakafuni. Ngazi zilikuwa za mawe, pana, zimelika katikati kama sabuni kwa miguu ya watu wa zamani. Juu yake ndiko kilikokuwa chumba cha wanafunzi wa lugha, historia na falsafa.

Kilikuwa chumba kizuri, usiambiwe na mtu. Madirisha yake yalikuwa marefu kuliko milango. Kulikuwa na meza ya mninga iliyochongwa majina ya vijana ambao sasa ni mababu, makochi ambayo ukishakaa hutaki kuinuka, na birika lisilopoa. Sheria yao ilikuwa moja: anayefika wa mwisho ndiye anayepika chai. Watu walisoma kimya mpaka mmoja aropoke neno, hapo kusoma kukaisha. Wengi waliingia humo wakijua wanachokiamini wakatoka hawakijui tena, na hiyo nayo ni elimu.

Binti alishiriki kwa kupaza sauti. Wenzake waliacha mlango wazi, yeye akawajibu kutoka chini. Mtani wake mkubwa alikuwa mwanafalsafa waliyemwita Wakili, kwa kuwa hakuwahi kukubali kushindwa.

Siku moja walibishana kama mtu aliyesahauliwa na watu wote aliwahi kuwepo kweli. Binti alisema aliwahi. Wakili akadai ushahidi. Binti akautoa, nusu yake ikapotelea njiani.

"Sikusikii, dada!" Wakili akafoka, ubishi umempanda kichwani. "Kama unajiamini, njoo uyaseme mbele yangu!"

Wakili akajiziba mdomo kwa kiganja.

Ndipo chumba kikashuka. Kilishuka taratibu, ngazi moja baada ya nyingine, kama bibi mwenye magoti mabovu, pamoja na makochi yake, meza yake, na watu walioshikilia vikombe. Kikatua mbele ya benchi. Vumbi kidogo likaanguka.

"Nilikuwa nasema hivi," binti akasema huku akiingia, akamalizia hoja yake.

Wakili alifikiri sana. "Umefika wa mwisho," akamwambia. "Chai."

Tangu hapo chumba kilishuka kila asubuhi kumchukua, na jioni kikamrudisha. Watu walijifunza kutoweka vikombe ukingoni mwa meza. Kila siku binti ndiye aliyekuwa wa mwisho, kila siku akapika chai huku akilalamika, na tasnifu yake ikakua. Wakili aliisoma sura baada ya sura akiipinga, na kila alipoipinga ikawa bora zaidi.

Chuo kilikuwa kimeahidi kuweka lifti kabla ya siku ya utetezi, maana tasnifu hutetewa katika ukumbi mkuu, ghorofa ya tatu. Mhandisi akaja na futi yake. Alipima ngazi, akasogea kando kukipisha chumba kilichokuwa kinashuka, akawasalimia waliomo, akaikunja futi.

"Mna bahati," akasema. "Lifti ya nini tena?"

"Hiki kinaishia ghorofa ya kwanza, kaka," binti akajibu. "Ukumbi uko ya tatu."

"Nao si utashuka?"

"Ule haushuki. Mle hajawahi kubishana mtu. Wanapiga makofi tu."

Mhandisi akacheka, akaenda zake. Lifti ikafutwa.

Siku ya utetezi maprofesa walikaa ukumbini, wakasubiri. Ukumbi haukusogea. Binti alikuwa chumbani, ghorofa ya kwanza, makaratasi mapajani. Likaletwa neno kwamba asipofika juu atahesabiwa ameanguka. Wakili akatoka mpaka kwenye ngazi, akajaza pumzi kifuani.

"Kama mnajiamini," akafoka, "njooni myaseme mbele yake!"

Kisha vikasikika viatu. Maprofesa walishuka mmoja mmoja na majoho yao, wakinung'unika, wakabanana kwenye makochi. Wa mwisho kufika alikuwa mkuu wa kitivo. Walimtazama yeye, kisha wakalitazama birika. Akakunja mikono ya joho.

Chai yake ilizidi majani, wakainywa hivyo hivyo. Binti alitetea mpaka birika likajazwa tena. Akafaulu vizuri sana.

Chuo kilitoa tangazo la kujivunia jengo lake la kale linalowajali wanafunzi. Lifti haikujengwa.

Muhula uliofuata binti, sasa mwalimu, alikuwa njiani kwenda kwenye chumba kilichomngoja. Chini ya ngazi za upande wa pili, zile za idara ya muziki, alimkuta bwana mmoja mwenye mvi, mwanafunzi mpya, kwenye kiti cha magurudumu. Juu kulikuwa kukipigwa kinanda.

"Chumba chenu hakijashuka, mzee wangu?"

"Bado, mwanangu. Labda nimewahi mno."

Wakasikiliza pamoja.

"Huyo anapiga vibaya," binti akasema.

"Vibaya mno," mzee akakubali, kwa sauti ya chini.

"Basi mwambie."

Mzee akatazama juu ya ngazi, akakohoa kusafisha koo.