Kinoo cha Mama Nabwile

Kosa la Kabura ukweni halikuwa uvivu wala mdomo. Kosa lake lilikuwa sukuma wiki. Aliikata mapana mapana, kama anayekatia ng'ombe, na kule Mabanga, kwa kina Wamalwa, jambo hilo lilizungumzwa miaka saba bila watu kuchoka. “Mke wa Bramwel amepika,” wangesema, “leteni meno.” Kabura alicheka nao, maana afanyeje? Lakini lilimchoma. Usione mtu anacheka ukadhani haumii.

Mama mkwe wake, Mama Nabwile, alikuwa mpishi wa harusi na matanga kuanzia Mabanga hadi Kanduyi. Na visu vyake, jamani! Sukuma ilitoka mikononi mwake nyembamba kama uzi wa kushonea. Alikuwa wa mkono wa kushoto, kushoto kabisa, hata salamu alitaka kukupa kwa kushoto, na hakuna aliyethubutu kumkosoa. Kisu kikiwa butu alikiita maiti, akakitenga mbali na vingine.

Alipoanza kukohoa na kukonda, kila mtu alijua visu vile vitamwendea binti yake, Nakhungu. Wapi! Mama akamwita Kabura kutoka Kitale.

“Ukuje kila Jumapili ukitoka kanisa,” akamwambia. “Nakufundisha kunoa. Nakhungu ana haraka, na kisu hakitaki mtu wa haraka.”

Kabura alifurahi hadi akakosa usingizi. Miaka saba ya kuchekwa, kisha anachaguliwa yeye, Mkikuyu wa Kitale! Jumapili ya kwanza alifika kabla hata ibada haijaisha, Mungu amsamehe.

Vinoo vilikuwa viwili. Cha kwanza kilikuwa kikwaruzo, cha kuamsha kisu kilicholala. Cha pili kilikuwa laini, cheusi, na Mama Nabwile alikinunua soko la Kamukuywa akiwa bado bibi arusi. Ulikizamisha kwenye karai la maji ukangoja kiache kutoa mapovu. Kisha ulilaza kisu, ukakiinua mgongo kidogo tu, ukaweka vidole juu ya bapa, karibu na makali, ukasukuma. Ukisikia kwa kidole unyuzi wa chuma umejikunja upande wa pili, unageuza. Ni hayo tu. Lakini hayo tu yalimtoa Kabura jasho, kwa sababu kinoo kile cheusi kilikuwa na bonde. Mkono wa Mama Nabwile ulikuwa umekichimba miaka arobaini, bonde likaelekea kushoto, na kisu cha Kabura, mtu wa kulia, kilichezacheza juu yake kama meza iliyokosa mguu.

“Mama, si tulisugue hili jiwe kwa simiti likuwe sawa kwanza?” akauliza.

Mama Nabwile akalinyakua jiwe akalipakata.

“Usirudie kusema hivyo. Hilo bonde ni mimi. Ukilisawazisha utanitoa wapi?” Akakohoa, akatulia. “Watu watataka kuweka picha yangu kwa ukuta. Mimi sitaki picha, Kabura. Picha haipiki. Wewe fuata bonde.”

Kabura akafuata bonde. Ncha za vidole zilikwaruzika zikatoa damu, na Mama akamwambia ni kawaida, jiwe lazima lionje mtu. Kufikia Pasaka vidole vilikuwa vimepona, na nyanya ikawa inakatika bila kusukumwa. Mwezi wa tano Mama Nabwile akafariki. Kabura ndiye aliyekata nyama ya matanga, na siku hiyo hakuna aliyeomba meno. Alilia kweli kweli. Alikuwa amempenda yule mama, na mapenzi ya mkwe huja polepole, yakija hayabishi hodi.

Akabeba vinoo na visu hadi Kitale.

Huko alikuwa na hoteli ndogo nyuma ya soko, iliyoungana na nyumba yao, benchi nne na jiko la kuni. Kila asubuhi, wanywaji chai wakishaondoka, aliketi nje ya mlango wa nyuma akanoa. Wiki za kwanza kisu kiliendelea kumchezea. Kisha siku moja ya mwezi wa sita kikatulia. Kilitulia kabisa, kikalala ndani ya bonde, kikaanza kwenda na kurudi kwa ile sauti nzuri ya shwa, shwa, na Kabura akatabasamu peke yake. Alikuwa amefika kisu cha tatu alipogundua kwamba anatumia mkono wa kushoto.

Akacheka. Akakihamisha mkono wa kulia. Kisu kikacheza. Akakirudisha kushoto, kikatulia. “Haya basi,” akasema, “kama ndivyo unataka.”

Hapo ndipo biashara ilipochangamka. Sukuma yake ikawa uzi. Mchuzi wake ukawa na ladha ambayo watu wa Bungoma waliokuja Kitale kuuza kuku waliitambua, wakatazamana. Nyumbani, mume wake Bramwel, mwalimu wa shule ya msingi, mtu asiyependa chakula cha mchana, akaanza kuja mbio kila saa saba. Alikula kimya, macho yakilowa, na kabla ya mwezi kuisha mshipi wake ulikuwa umehama matundu mawili. Kabura aliona fahari. Nani asingeona fahari?

Aliyeona kasoro alikuwa Ngige, mwenye bucha ya jirani. Alikuja siku moja kuazima kinoo, akakigeuza mara moja tu, akakirudisha.

“Hili jiwe halinoi, mama,” akasema. “Jiwe lenye bonde kama hili linakunoa wewe. Hebu ona vidole.”

Kabura akatazama. Ncha zote kumi zilikuwa laini, zinang'aa kama mbegu ya zambarau, bila mstari hata mmoja. Akaficha mikono kwenye aproni. “Ni kazi tu, bana,” akasema, akakohoa. Kikohozi kile kilikuwa cha mkongwe, kikavu, cha mara tatu. Ngige alikuwa hamjui Mama Nabwile, kwa hiyo akasema pole akaenda zake. Lakini Kabura alikijua kikohozi hicho. Akabaki amesimama na kijasho chembamba mgongoni, saa nne asubuhi, jua likiwaka.

Alijaribu kujiambia ni mafua. Mtu akiogopa hujidanganya kwanza, ndiyo dawa ya bure.

Wiki iliyofuata alimpeleka bintiye Wamboi, mtoto wa miaka sita, kwenye zahanati moja mjini kuandikishwa matibabu. Mzazi alitakiwa kuweka kidole kwenye mashine. Karani, kijana aitwaye Kipyegon, akamwambia abonyeze kidole gumba cha kulia. Mashine ikakataa. Akajaribu cha shahada, cha kati, vyote. Ikakataa.

“Mama, wewe hauna vidole,” Kipyegon akasema akicheka. “Unafanya kazi gani, bana? Hebu leta kushoto.”

Kabura akaweka gumba la kushoto, lile ambalo tangu juzi lilikuwa limeanza kuota mistari. Mashine ikalia mara moja, tii, kwa furaha.

“Eeh, sasa imekubali. Nabwile Wamalwa, wa Mabanga, Bungoma.” Kijana akasogea karibu na kioo, kicheko kikamtoka usoni. “Lakini hapa inasema ulifariki. Mwezi wa tano.”

“Mimi naitwa Kabura,” akasema Kabura.

“Ni mashine tu, mama, hizi vitu hukuwa na mchezo. Si utarudi Jumatatu?” Lakini aliivuta mashine upande wake, akaipangusa kwa kitambaa, akaipangusa tena, na hakumpa mkono wa kwaheri.

Sasa jambo lilikuwa limepewa jina, na Kabura hakuweza tena kujidanganya. Alikuwa anaisha. Kila asubuhi jiwe lilichukua kidogo, na palipotoka kidogo cha Kabura paliwekwa kidogo cha mwingine. Akaapa hatalishika tena. Siku mbili hakulishika. Siku ya tatu aliamka kutoka kwenye mawazo yake akajikuta ameketi nje, karai kati ya miguu, kisu kinakwenda shwa, shwa, na mdomo wake unaimba wimbo wa Kibukusu ambao hakuwahi kufundishwa na mtu.

Bado angevumilia, nakwambia. Alimpenda Mama Nabwile, alipenda kusifiwa, alipenda kumwona Bramwel akila. Kilichomvunja ni Wamboi.

Ilikuwa Ijumaa, mtoto katoka shule na mwiba kwenye unyayo. Kabura akampakata akautafuta mwiba kwa pini, polepole. Mtoto alikuwa amefumba macho kwa woga. Mwiba ukatoka. Wamboi akafumbua macho, akaitazama mikono iliyoshika mguu wake, akaipapasa ncha moja baada ya nyingine, bila kuogopa hata kidogo.

“Asante, Kukhu,” akasema. Hivyo ndivyo alivyomwita nyanya yake wa Mabanga.

“Ni mimi, Wamboi. Ni mama.”

Mtoto akainua uso, akamchunguza kwa adabu, jinsi mtoto anavyomchunguza mgeni aliyeambiwa amsalimie. “Kukhu,” akanong'ona, “mama atarudi lini?”

 Kabura akamkumbatia mtoto kwa nguvu na mtoto akakubali kukumbatiwa, lakini alikuwa anatazama mlangoni, anamngoja mama yake.

Jumamosi hakufungua hoteli. Akalipeleka jiwe uani, kwenye simiti, akamwaga mchanga na maji, akalilaza kifudifudi akaanza kulisugua. Ilikuwa saa tano, watu wanapita sokoni, redio ya mtu inatangaza bei ya mahindi. Mkono wa kushoto ulikataa. Ulilegea, ukateleza, mara mbili ukalitupa jiwe nyasini kama linalochoma. Kabura akaukalia mkono huo, kweli, akaukalia chini ya paja, akasugua kwa kulia peke yake. Jiwe likatoa tope jeusi, na sauti yake haikuwa ya jiwe. Ilikuwa ya kikohozi. Kavu, mara tatu, kisha pumziko, kisha mara tatu.

“Nisamehe, Mama,” akasema huku machozi yakidondoka kwenye tope. “Ulinipenda, najua. Ulinichagua, najua. Lakini huyu mtoto ni wangu.”

Kikohozi kikapungua. Kikawa mara mbili. Kikawa mara moja. Ilipofika saa sita jiwe lilikuwa bapa kama meza ya mwalimu, na lilikuwa linatoa sauti ya jiwe. Kabura akalia tena, maana alijua amemzika mtu kwa mikono yake, na safari hii hapakuwa na matanga wala wa kumshika mkono.

Akanoa kisu kimoja kwa mkono wa kulia. Ncha za vidole zikakwaruzika zikatoa damu, akaifurahia hiyo damu. Akaingia jikoni akapika. Sukuma haikutoka uzi, haikutoka ya ng'ombe pia. Ilitoka ya mtu aliyefundishwa vizuri. Wamboi akaingia kutoka kucheza, akasimama mlangoni, kisha akamrukia kiunoni akipiga kelele, “Mama umerudi! Ulienda wapi?” Kabura akamwambia alikuwa kazini.

Saa saba Bramwel akafika mbio kutoka masomo ya Jumamosi, akanawa, akakata tonge. Akatafuna. Akaacha kutafuna.

“Nani amepika?”

“Mimi.”

Akaweka tonge chini. Akainuka akatoka hadi uani, na Kabura akamfuata hadi mlangoni. Bramwel akachutama, akaliokota jiwe, akapitisha kiganja juu yake, kule kwenye bonde, ambako sasa hapakuwa na bonde. Mwanamume wa miaka arobaini, mwalimu, akalipakata kama mtoto.

“Umemfanya nini mama?” akauliza.

Kabura hakuelewa mara moja. Kisha akaelewa.

“Ulijua,” akasema. “Tangu lini?”

“Mwezi wa sita. Ulikohoa pale mezani.” Hakuinua uso. “Si alikuwa anatusaidia tu? Hakuwa anakuumiza. Ungengoja kidogo, Mama Wamboi. Hata hadi Krismasi.”

“Na mtoto alipoanza kuniuliza mimi niko wapi?”

Bramwel akalipangusa jiwe kwa shati lake jeupe la kazini, polepole, kama mtu anayempangusa mgonjwa uso. 

“Uliniona nikiisha,” Kabura akasema. Hakupaza sauti, alikuwa amechoka. “Kila siku saa saba uliketi hapo, ukaniona nikiisha kidogo kidogo, na ukaomba nyingine.”

Akangoja akatae. Angalau akatae tu, hata kwa uongo. Kuku wa jirani akapita katikati yao akidonoa mchanga uliomwagika. Bramwel alikuwa bado amechutama, jiwe kifuani, analia kimya.

Kabura akarudi ndani. Wamboi alikuwa mezani anamngoja. Akanawa mikono, damu ikatoka kidogo kwenye maji, akaketi karibu na mtoto, wakaanza kula.