Mashine Inakwenda Maonyesho

Saa tatu asubuhi Mama Nukta alikuwa ukurasa wa tisa, na vidole havikamatiki. Wanafunzi walimbandika jina hilo kwa sababu ndiye peke yake shuleni anayenakili vitabu na mitihani kwa nukta nundu, maandishi ya kusomwa kwa vidole. Yeye mwenyewe haoni tangu utotoni. Lakini mpe mashine yake ya vitufe sita, lile dude la chuma lililoletwa kabla hajazaliwa, atakuandikia mpaka uombe poo. Mtihani wa watoto kumi na wanne ulikuwa keshokutwa. Kengele ya mwisho wa mstari ikalia, akarudisha kichwa cha mashine mwanzo, akaendelea.

Mlango ukafunguliwa bila hodi.

"Shikamoo, mama. Natoka ofisi ya elimu. Nimefuata hiyo mashine."

"Marahaba. Imekosa nini?"

"Haijakosa kitu. Inakwenda maonyesho ya historia. Waziri mwenyewe atakuja kuiona."

"Na mimi niandikie nini, mwanangu? Kucha?"

Afisa akacheka kidogo. "Mpya imeshaombwa, mchakato unaendelea. Kwa sasa nimekuletea kibao na sindano."

Akaviweka mezani. Mama Nukta alivipapasa. Alivijua vizuri mno: unadunga nukta moja moja, kulia kwenda kushoto, kinyumenyume, ili ukigeuza karatasi isomeke. Ukurasa wa dakika kumi unakula saa nzima, na kiganja kinawaka moto.

"Niachie siku mbili tu. Wale watoto watafanya mtihani gani?"

"Mama, barua imeshasainiwa. Mimi nimetumwa tu. Hilo muulize mwalimu mkuu."

Mwalimu mkuu alikuwa kikaoni, tangu jana. Mama Nukta akainuka, akaizunguka meza, akakaa tena.

"Ila kuna kakazi ka mwisho," afisa alisema. "Tunataka kadi ya nukta, wageni waone kwamba tunawajali. Nakusomea uandike: Mashine kama hii iliwakomboa wasioona kutoka enzi ya kudunga karatasi kwa sindano."

"Hebu rudia."

Akarudia, neno kwa neno, wala hakusikia anachokisema mwenyewe.

Mama Nukta akaingiza kadi, vidole vikashuka. Hakuandika hata neno moja la afisa. Aliandika: Mashine hii ni nzima. Imeondolewa mezani kwangu nikiwa ukurasa wa tisa, watoto kumi na wanne wanasubiri mtihani. Wewe unayesoma hapa, waulize watoto hao wamepewa nini.

"Mbona ndefu?" afisa akauliza.

"Nukta zinakula nafasi, mwanangu."

Afisa akaipapasa kadi, karatasi ikakwaruza. "Safi kabisa! Wageni wataipenda."

"Utaiweka wapi?"

"Ndani ya kabati la kioo, pamoja na mashine."

"Maandishi haya husomwa kwa kushikwa. Iweke nje."

"Hapana, mama. Mikono ya watu inachafua."

Alimsikia akiinyanyua mashine, akiguna kwa uzito wake. Kengele ililia kidogo koridoni, ikalia tena mbali, kisha basi. Mama Nukta alitamani kulia, ila muda wa kulia hakuwa nao. Akabana karatasi kwenye kibao, akatafuta pembe ya kulia kwa kidole, akaanza kudunga ukurasa wa tisa upya.