Holi Iliyohudhuria Mkutano

Jumanne, saa kumi na mbili na nusu jioni, Jeruto alimlaza mtoto wake Fancy kwenye jukwaa la Holi ya Reli, juu ya gunia lililokunjwa mara mbili, akamfunika kwa leso, kisha akarudi kwenye dawati lake la mstari wa pili. Kutoka hapo alimwona vizuri. Ndiyo sababu alisomea hapa. Kwingine kote mjini alikoulizia masomo ya jioni aliambiwa mtoto abaki nyumbani, na nyumbani hakukuwa na mtu.

Holi, ukumbi wa zamani, ilijengwa kwa mawe na mafundi wa reli, na juu ya mlango walichonga mwaka: 1938. Paa lilivuja upande mmoja tu. Jeruto alifika hapo akiwa na miaka ishirini na mbili, akiweka dole gumba kila alipotakiwa sahihi. Sasa aliandika jina lake lote. J yake ilikuwa na mkia mrefu ambao Mwalimu Khaemba alimwambia aupunguze. Hakuupunguza. Novemba angefanya mtihani wake wa kwanza wa taifa.

Jioni hiyo Mwalimu Khaemba alifungua karatasi ya gazeti iliyofungia mandazi yake, akaisoma, akaacha kutafuna. Lilikuwa tangazo. Kamati ya Maegesho ya Kisasa ilikusudia kuibomoa holi ili magari yapate pa kuegeshwa. Wananchi walikaribishwa kutoa maoni Ijumaa, saa mbili asubuhi, Kikopey.

"Kikopey?" akauliza Mzee Ephantus, muuza miwa, mwanafunzi mkubwa kuliko wote. "Holi iko Nakuru, maoni tukayatoe huko kwa mbuzi choma?"

"Wameandika kutakuwa na chakula," akajibu Mwalimu.

"Aah. Basi maoni ninayo."

Darasa likacheka. Jeruto hakucheka. "Twende wote," alisema. "Wakituona wengi, watatubomolea vipi?"

Holi ilisikia, kwa sababu ilisikia kila kitu kilichosemwa ndani yake.

Ijumaa darasa lilisafiri kwa pikapu ya kabichi ya shemeji yake Mwalimu. Holi ilikuwa imetoka usiku wa manane kwa miguu, maana haikuwa na haraka ya kupita mtu. Ilipitia Free Area na Lanet ikifuata kushoto mwa barabara. Malori yaliyotoka Salgaa yaliipigia honi kama yanavyompigia yeyote anayekwenda polepole. Kwenye kizuizi askari aliangalia kama matairi yake yameisha, akaona haina matairi, akaipungia mkono ipite. Saa mbili kasorobo ilikuwa Kikopey, imesimama kati ya bucha mbili, vumbi hadi madirishani.

Mlangoni mwa hema la mkutano alikaa karani aitwaye Sue, mbele yake fomu ya mahudhurio. Ilikuwa na safu za jina, namba ya kitambulisho, simu na sahihi. Kichwa cha fomu kiliandikwa kwa Kiingereza, na darasa la jioni lilikuwa bado halijafika huko. Mwalimu angeweza kukisoma, lakini Mwalimu alikuwa nyuma akitafuta mahali pa kuegesha pikapu.

"Saini hapo, mathe," Sue alimwambia Jeruto. "Bila kusaini huongei, na sahani hupati."

Jeruto alisaini, mkia na yote. Sue akainua macho.

"Na huyu wa nyuma yako?"

"Ni holi. Ndiyo tumekuja kuisemea."

"Ako na ID?"

"Iko na mwaka."

Sue akaandika 1938 kwenye safu ya kitambulisho. "Simu?"

"Haina. Weka yangu."

"Na nani anasaini? Mimi siwezi kuacha pengo, nitaulizwa."

Holi ilikuwa na milango miwili na madirisha kumi na moja, lakini mkono haikuwa nao. Jeruto alimhamishia Fancy begani, akainama tena. Aliandika kwa makini kuliko alivyowahi kuandika, maana hii haikuwa yake: Holi ya Reli. Mbele yake akatia sahihi kwa niaba.

Mwenyekiti wa kamati, Bwana Njuguna, alimpa kila msemaji dakika tatu. Mzee Ephantus alisema baba yake alibeba mawe ya ile holi, kwa hiyo nani alimwambia Njuguna ni yake? Mama mmoja alisema alifunga ndoa mle. Jeruto alisema hapana wazi kabisa, na akaeleza kuhusu gunia na jukwaa. Watu arobaini na saba walisema hapana. Kila mmoja alipomaliza, Njuguna aliandika kitu kile kile: ametoa maoni.

Holi ikapewa nafasi ya mwisho. Ilifungua milango yake yote miwili, na sauti zikaanza kutoka kwa mpangilio wa miaka. Makuli walikubaliana kugoma. Bwana harusi alikosea jina la mkwe wake. Mwanamke alihesabu watoto waliolala sakafuni mwezi ule watu walipokimbia makwao kwa fujo za uchaguzi, akapungukiwa na mmoja, akaanza upya. Halafu darasa: a, e, i, o, u, na katikati yao Jeruto wa miaka miwili iliyopita, akisoma jina lake kwa sauti ya mtu asiyeamini.

"Dakika tatu zimeisha," alisema Njuguna. "Tunashukuru kwa historia. Chakula tayari."

Mbuzi alikuwa laini. Jioni holi ilirudi kwenye kiwanja chake, na Jumatatu masomo yakaendelea.

Wiki mbili baadaye ripoti ilibandikwa mlangoni, kwa Kiswahili. Jeruto aliisoma mwenyewe, kidole chini ya kila neno. Waliohudhuria, mia mbili na kumi na tatu. Waliokubali mradi, mia mbili na kumi na tatu. Jengo lenyewe lilifika, likawakilishwa ipasavyo na Bi. Jeruto, ambaye sahihi yake imeambatishwa, wala halikuwa na pingamizi. Aliutambua ule mkia wa J hata kabla hajalifikia jina.

Alimfunga Fancy mgongoni, akaenda ofisini kwa Sue.

"Hapo juu ilikuwa imeandikwa sisi waliosaini tunaukubali mradi," Sue alimweleza bila ubaya. "Hukuona?"

"Ilikuwa Kizungu."

"Sasa hayo ni makosa yangu?"

"Tulisema hapana. Wote. Hata wewe ulisikia."

"Kusema ni kusema, mathe. Fomu ndiyo inaenda juu." Sue akamtazama mtoto, akamtengenezea kofia. "Na si mlikula?"

Siku ya kubomoa, Jeruto alifika kabla ya mashine. Alisimama kwenye dirisha lenye nyufa, akasema kwa sauti ndogo, "Toka uende. Barabara si unaijua? Nenda Gilgil, nenda popote."

Holi haikusogea. Jina lake lilikuwa kwenye orodha, na ilikuwa imejengwa na watu waliofuata ratiba. Saa tatu mashine iliiangusha, ikianza na upande uliovuja.

Alasiri simu ya Jeruto iliita. Dereva wa tipa alikuwa nje ya ploti alimopanga chumba, mtaani Kaptembwo.

"Wewe ndiye mwakilishi? Nimeambiwa mzigo ni wako."

Akainua tipa, akamwaga holi mbele ya mlango, akaondoka. Majirani walihamisha kamba za nguo. Mwenye ploti alisema mawe yasizibe choo, basi.

Saa kumi na mbili na nusu mawe yakaanza kusoma a, e, i, o, u, bila kupiga kelele. Wanafunzi walifuata sauti, mmoja mmoja, wakaketi juu yake. Jeruto alitafuta jiwe lenye mwaka, akaweka gunia, akamlaza Fancy. Mwalimu Khaemba aliegemeza ubao ukutani, akapitisha rejista ya darasa watie sahihi.

Ilipomfikia, Jeruto alimpa Mzee Ephantus rejista na kalamu bila kutia sahihi.

"Jeruto, rejista ikiwa na mapengo, mtihani hawatakukubalia."

"Niko hapa, Mwalimu. Si unaniona?"

"Nakuona."

"Basi."

Mwalimu Khaemba alikuwa mtu wa sheria. Aliandika mbele ya jina la Jeruto kwamba hakuwepo, halafu akamwita ubaoni, naye akaenda.