Itarushwa Hapa Soweto

Sisi watu wa mtaa wa Soweto tuna midomo, sikatai. Wiki nzima habari kijiweni ilikuwa moja tu: tajiri mmoja wa ng'ambo kajitengenezea roketi yake mwenyewe, wala si ya serikali, na anaipeleka angani kama mtu anavyopeleka basi lake Tunduma. Mmoja akasema hiyo ni kufuru. Mwingine akauliza ikiharibikia huko juu ataitwa fundi gani. Brayson, mwenye kibanda umiza tunakotazamia mpira, akanusa biashara. Akaandika ubaoni kwa chaki: IJUMAA JIONI, ROKETI ITARUSHWA HAPA LAIVU.

Sabina, mchumba wake, akampigia simu baba yake huko mlimani na kumwambia hivyo hivyo, itarushwa kwetu Soweto. Kwa mtu wa mjini, kurusha ni kuonyesha kwenye tivii. Kwa baba huyo, Mzee Yotamu, mkulima wa viazi, kurusha ni kurusha.

Basi Ijumaa akaingia na majirani zake, wamevaa nguo za kanisani, pamba masikioni kwa kuogopa mshindo. Akatusalimu vizuri, kisha akauliza, "Jamani, mtambo wenyewe mmeuweka wapi? Tusije tukasimama karibu, tuko na mjamzito hapa."

Tulicheka, Mungu atusamehe. Tulicheka mpaka mabenchi yakalia. Mtu akamwonyesha choo cha nyuma: "Uko kule, mzee, unajazwa mafuta!" Naye akageuka kweli kutazama.

"Nani kakudanganya, mzee wangu?" Brayson aliuliza huku akijizuia kucheka. Alikuwa hajawahi kumwona, maana posa ilikuwa bado haijapelekwa.

"Sijadanganywa, baba. Binti yangu Sabina ndiye kaniambia. Si huyo hapo!" Akamnyooshea mkono kwa furaha.

Sote tukageuka. "Sabina," Brayson akasema, "unamjua huyu mzee?"

Aibu ilimpanda msichana wa watu mpaka shingoni. "Hapana," alisema. "Simjui."

Mzee Yotamu aliushusha mkono taratibu. "Samahani, binti. Macho ya uzee haya. Nimekufananisha na wangu." Akawaashiria wenzake watoke.

Yangeishia hapo, kama si jirani yao Tupokigwe, aliyekuwa nje akishusha gunia kwenye bajaji. Alichungulia mlangoni, hajui lililotokea. "Sabina mwanangu, mama yako anakusalimia sana. Hivi viazi vya wakwe zako tuviweke wapi?"

Kicheko kilikatika. Kwenye tivii walishaanza kuhesabu. Brayson akaizima, akatoka mbio kumfuata mzee, akimwita baba. Hakuna aliyelalamika. Sabina alibaki amesimama mbele yetu analia, na hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kumtazama, maana tulijua ni kicheko cha nani kilichomfanya amkane baba yake.